Kufikia motere ya kamio bila kuumia

Wanachama wenzetu, kamio yenye kubeba nyanya na mchele wetu inatoka Kamanyola, karibu mita 900, inapanda Ngomo hadi Bukavu, karibu mita 1,500. Motere inachemka njiani, na kila mtu ana haraka. Basi tufuate hivi:

1. Tusimamishe mahali sawa, tuzime motere, tuvute freni ya mkono, tuweke mawe makubwa kwenye magurudumu.

2. Tungoje ipoe. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kingali moto, maji yanaruka usoni.

3. Kabina ya kuinuka, kama ya Fuso: watu na vitu vyote vitoke ndani, mtu asisimame mbele. Tuiinue mpaka mwisho, tufunge chuma chenye kuishikilia. Chuma kisiposhika, hakuna kuingia chini yake.

4. Tukipanda, tutazame kamio, tushike kwa mikono miwili na mguu mmoja, ao miguu miwili na mkono mmoja. Vyombo mwenzetu atupatie kisha. Tairi si ngazi, inateleza.

Na sisi wenye mzigo, tusimsukume shofere ao makanika. Nyanya ni zetu, lakini shingo ni yake.