Somo: Bustani Inayokumbuka Vita

Mlioko Jeddah mnajua raha ya kutandika mkeka Kornishi baada ya swala ya Magharibi, chai kwenye chupa, watoto wakikimbia. Kule Riyadh, uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi unageuzwa kuwa Bustani ya Mfalme Salman, zaidi ya kilomita za mraba 16. Nyasi za mjini huwa zimefunika historia. Leo tusome habari za bustani moja ya kwetu, Uhuru Park, katikati ya Nairobi.

Ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kujenga humo jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, akapinga. Aliandika barua kila upande, hata kwa balozi wa Uingereza, akiuliza kama wao wangekubali jengo la namna hiyo Hyde Park, London. Alikejeliwa bungeni, na ofisi yake ikatolewa kwenye jengo la serikali. Lakini wafadhili wa nje walijitoa, na mradi ukafa.

Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika pembe moja ya bustani hiyo, wakidai watoto wao. Polisi waliwapiga. Tangu hapo pembe hiyo inaitwa Freedom Corner, yaani Pembe ya Uhuru.

Na hapo ndipo mnara wa kumbukumbu ya Mau Mau ulipozinduliwa, tarehe 12 Septemba 2015. Miaka miwili kabla, Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, jumla pauni milioni 19.9, na kugharimia mnara huo. Sanamu zake ni mbili: mwanamke anampa chakula mpiganaji wa msituni, lakini hawatazamani. Aliyekamatwa hawezi kutaja uso asioujua. Sisi tuliotoka kwenye vita hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Wazee wa Mau Mau, wengine wakitembelea fimbo, walihudhuria uzinduzi huo. Maathai hakuuona; alifariki mwaka 2011, na mazishi yake ya kitaifa yalifanyika katika bustani hiyohiyo. Kama ghorofa zile 60 zingejengwa, sijui wazee wale wangepewa kiwanja gani.

Zoezi la nyumbani: mkiwa bustanini, wazazi wawaambie watoto jina la mahali pamoja kule kwetu ambapo watu wetu walipoteza maisha vitani. Je, leo pana mti, jengo, au pako wazi? Watoto waandike majibu kwa Kiswahili. Bibi au babu akinyamaza, msimlazimishe.