Kwa Nini Shamba la Rehani Huuzwa Rahisi

Watu wengi hudhani kwamba shamba la rehani likiuzwa rahisi mnadani, pana hila. Hila huweko, lakini mara nyingi sababu ni haraka. Wenye fedha tayari ni wachache, nao huogopa kwamba mwenye shamba atakataa kuhama au atakwenda mahakamani. Hofu hiyo huishusha bei. Katika Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humtaka mkopeshaji ampe mdaiwa notisi isiyopungua miezi 3, kisha nyingine ya siku 40, na shamba lithaminiwe kabla ya kuuzwa. Katika muda huo mdaiwa aweza, kwa idhini ya mkopeshaji, kujitafutia mnunuzi wa bei njema. Wengi, kwa aibu, huzificha barua hizo sandukuni.