Jasho baridi katika michai ya Runyenjes

*Bwana Tabibu, najidunga insulini asubuhi na jioni. Nikipanda mlima kuchuma majani chai hutetemeka na kutokwa na jasho baridi. Je, niache kazi? Msomaji, Embu.*

Hasha, usiache. Misuli itumikayo huvuta sukari ya damu, nayo insulini iliyokwisha kuingia mwilini hairudishwi nyuma. Mambo hayo mawili yakutanapo mlimani, sukari hushuka ghafula, hasa sindano ikiwa imedungwa pajani, ambako damu hukimbia zaidi wakati wa kupanda. Basi siku ya kazi jidunge tumboni, upime kabla ya kutoka, na ukikuta chini ya milimoli 5 kwa lita, ule kwanza ndizi mbivu, tunda ambalo, alhamdulillahi, Meru na Embu hazijalikosa. Utetemekapo, keti, unywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa, upime tena baada ya dakika 15. Tahadhari pia na usiku, kwani sukari huweza kushuka saa nyingi baada ya kazi.

Sukari ikizidi 14 nawe unatapika, nenda hospitali, si shambani. Usipunguze dawa bila kushauriana na daktari wako; na waambie wachumaji wenzio kwamba ukizimia wasikunyweshe kitu, bali wakukimbize hospitali.