Bangi na Wazimu: Tusidanganyane

Hosteli kuna kambi mbili. Moja inasema jani halijawahi kumtia mtu wazimu. Nyingine inasema ukivuta msuba mmoja tu, umekwisha. Mimi nasomea saikolojia, na naona zote zimekosea.

Mwaka 1987 watafiti wa Uswidi walitoa matokeo ya vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, waliofuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wameshavuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta. Mwaka 2019, Marta Di Forti na wenzake walichunguza watu wa Ulaya na Brazil. Kwa wavutaji wa kila siku, uwezekano wa kupata saikosisi ulikuwa kama mara tatu; kwa bangi kali, yenye THC asilimia 10 au zaidi, karibu mara tano.

Utauliza: je, si ugonjwa ndio uliowatuma wavute? Kwa baadhi, huenda. Kurithi nako kuna mchango, ndiyo maana wavutaji wengi hawaugui. Lakini hatari inapanda kadiri mtu anavyozidisha, na hakuna anayejua kwa hakika amerithi nini. Kama kwenu kuna aliyewahi kuugua, ndugu yangu, kaa nayo mbali.

Na mwenzako wa chumba akianza kusikia sauti au kudai anafuatiliwa, usimrekodi video ukacheka. Mpeleke hospitali mapema. Saikosisi inatibika, kuchelewa ndiko kunakoumiza.