Mguu wa mkulima wa mpunga: jinsi ya kuzuia fangasi, majipu na tambazi

Kilimo cha mpunga katika Bonde la Kilombero ni kazi ya majini. Mkulima wa Masagati, ndani ya bonde hilo, huingia jarubani asubuhi, hushinda ameinama kwenye tope, na msimu wa kazi nyingi familia nzima huhamia kwenye vibanda vya shambani, mbali na zahanati. Ngozi inayolowa kutwa hulainika, hugeuka nyeupe katikati ya vidole, kisha hubabuka. Hapo fangasi hupata makao.

Muwasho huo wengi hawauhesabu kuwa ugonjwa. Hujikuna, hupaka mafuta, maisha yanaendelea. Lakini mpasuko mdogo kati ya vidole ndio mlango wa bakteria, na bakteria wakishaingia chini ya ngozi wanaweza kumlaza mtu wakati mpunga unasubiri palizi. Kinga yake haina gharama kubwa: sabuni, ukavu, dawa sahihi, na kuwahi.

Ni fangasi au ni bakteria?

Fangasi huwasha kuliko kuuma, na huenea polepole kwa wiki kadhaa. Mwilini hutokea baka la mviringo lenye ukingo ulioinuka na magamba, huku katikati pakionekana kama panapona. Kichwani mwa watoto ni mapunye: nywele hukatika, panabaki kipara chenye ukurutu. Kifuani na mgongoni huweza kutokea madoa mengi madogo yenye rangi iliyopauka.

Bakteria huuma, na huenea kwa saa au siku chache. Dalili zao ni uvimbe, joto, maumivu na usaha. Wao ndio chanzo cha majipu, cha mdudu wa kidole, na cha vidonda vya watoto vyenye ukoko wa rangi ya asali kuzunguka pua na mdomo. Mtoki unaovimba kwenye kinena mara nyingi ni ishara kwamba kuna kidonda mguuni. Bakteria wakienea chini ya ngozi, mguu wote huvimba. Wakifika kwenye msuli, usaha hujikusanya ndani bila kuonekana juu. Uvimbe wa aina hii ndio wengi wanaouita tambazi.

Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi vizuri. Ngozi huzidi weusi na kung'aa. Tumia mgongo wa kiganja: gusa mguu unaouma, kisha gusa mwenzake mahali palepale. Tofauti ya joto itakuambia.

Sabuni ya kawaida inatosha

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwahusisha watoto 224 wa shule za msingi wilayani Kilombero waliokuwa na fangasi za ngozi. Baadhi walipewa sabuni yenye kiua vijidudu kiitwacho triklosani, wengine sabuni isiyo na dawa hiyo. Sabuni ya dawa haikuonekana kuishinda ile ya kawaida. Kwa hiyo hakuna haja ya kutoa fedha zaidi kwa ajili ya kipande kilichoandikwa "dawa". Nunua cha kawaida, ukitumie kila siku.

Kuosha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukausha. Jioni osha miguu kwa maji safi na sabuni, kisha pitisha kitambaa kikavu katikati ya kila kidole, hasa kati ya kidole cha mwisho na kinachofuata, maana hapo ndipo fangasi huanzia mara nyingi. Vaa ndala mguu upate hewa. Gambuti husaidia, lakini likiingia maji na kushinda hivyo hivyo linazidisha tatizo: ligeuze, lianike juani.

Dawa za fangasi

Kwa fangasi za miguu na mwili, krimu ya klotrimazoli au mafuta ya Whitfield hufanya kazi. Paka mara 2 kwa siku, ukivuka kidogo ukingo wa baka, na endelea wiki 1 hadi 2 baada ya ngozi kuonekana imepona. Wengi huacha muwasho unapotulia, kisha fangasi hurudi.

Ukinunua krimu kwenye duka la dawa muhimu, mwombe muuzaji akusomee kilichomo. Ukiona neno "betamethasone" au "clobetasol" kwenye boksi, hiyo ina steroidi. Steroidi huzima muwasho haraka na kumfanya mtu aamini amepona, kumbe fangasi wanaendelea kusambaa, na baka hupoteza umbo lake hata tabibu apate shida kulitambua.

Mapunye hayaponi kwa krimu peke yake, kwa kuwa fangasi wako ndani ya mzizi wa nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, kwa kipimo kinachotokana na uzito wake. Aimeze pamoja na chakula chenye mafuta. Wachunguze pia ndugu zake, na msichangie vitana wala kofia. Kinyozi asafishe mashine kabla ya kila kichwa.

Jipu, kidonda na tambazi

Jipu changa likandwe kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Usilikamue wala usilichome kwa mwiba. Jipu la puani au juu ya mdomo ni la hatari zaidi, kwa sababu mishipa ya eneo hilo huelekea ndani ya kichwa.

Ukijikata kwa jembe au panga, osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, kisha uliza zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Usinyunyizie majivu wala unga wa vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili. Unga huo hutengeneza ukoko juu huku usaha ukibaki chini, na hufundisha bakteria kuizoea dawa. Ukiandikiwa antibiotiki, maliza dozi yote.

Watu wengi huamini kwamba mgonjwa wa tambazi akichomwa sindano hufa. Imani hii inaua. Anayefikishwa hospitali baada ya siku nyingi za chale na majani, akafia huko, hakuuawa na sindano. Sumu ya bakteria ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Usaha wa ndani hutolewa na tabibu mwenye vifaa, na dawa humfaa zaidi anayewahi.

Kuna kipimo cha nyumbani: chukua kalamu, chora mstari kuzunguka ukingo wa uvimbe. Uvimbe ukivuka mstari kabla ya siku kwisha, ondoka kwenda zahanati.

Usisubiri kesho ukiona haya

- Homa au kutetemeka pamoja na uvimbe.
- Maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana.
- Ngozi kuwa nyeusi, kutoa malengelenge, au kufa ganzi.
- Mgonjwa kuchanganyikiwa au kulegea.
- Uvimbe kwa mtoto mchanga, mwenye kisukari au mwenye kinga dhaifu.
- Mtoto mwenye vidonda kuvimba uso au kukojoa mkojo wa rangi ya chai.

Kutoka Masagati hadi Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ni safari ndefu, na masika huifanya ngumu zaidi. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uamuzi wa rufaa ufanyike mchana, mapema, usafiri ukiwa bado unapatikana.

Baka lisilowasha nalo lisipuuzwe. Mgonjwa afumbe macho, umguse kwa pamba. Asipohisi, huenda ni ukoma. Dawa zake hutolewa bure nchini na huponya, na anayeanza mapema huepuka ulemavu. Fangasi wanaorudi kila mara nao ni sababu ya kupima kisukari na virusi vya ukimwi. Mwenye matende aoshe na kukausha mguu kila siku, kwani kwake kila mchubuko unaweza kuleta homa na uvimbe mpya.

Msimu ujao, kabla familia haijahamia shambani, kagueni miguu ya kila mmoja, watoto na wazee, kati ya kila kidole. Anayewashwa aanze dawa wiki hiyo hiyo. Kwenye mzigo wa shambani tieni vipande vya sabuni, vitambaa vya kukaushia miguu, krimu ya fangasi na namba ya simu ya mwenye bodaboda anayekubali kuja usiku.