Mbwa Wako, Usalama wa Jirani

Wakazi wengi wa Gachoka hufuga mbwa wa kulinda mbuzi na mashamba ya muguka. Lakini mbwa akizurura njiani asubuhi, watoto wa jirani huogopa kwenda shule. Mchana mzuie ndani ya ua. Usiku mfungulie, lango likiwa limefungwa. Mpeleke achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kuanzia akiwa na miezi 3.

Akimuuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitalini siku hiyo hiyo. Msikimbilie kumuua mbwa. Ikiwezekana bila hatari, afungiwe siku 10, afisa wa mifugo amchunguze. Majeruhi asingoje matokeo: dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu hauna tiba.