Picha Safi za Watoto Wakiwa Mbioni

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, wanafunzi wa shule za msingi Tanzania hukutana kwenye mashindano ya UMITASHUMTA, na wenzao wa sekondari kwenye UMISSETA. Pembeni mwa uwanja husimama walimu, wazazi na waandishi wa habari, wengi wakiwa na simu na wachache wakiwa na kamera. Jioni picha zinaanza kuingia kwenye makundi ya wazazi: miguu imefifia, mpira umerefuka kama papai, na aliyefunga bao hatambuliki hata na mama yake.

Inasikitisha. Mtoto aliyetoka Kigoma au Lindi kuwakilisha mkoa wake huenda asipate kumbukumbu nyingine ya siku ile, na picha nzuri ingewezekana kwa kifaa kilekile. Lililokosekana ni kujua mtoto husogea umbali gani katika muda ambao shata ya kamera iko wazi.

Mwanafunzi anayemaliza mita 100 kwa sekunde 14 huenda wastani wa mita 7 kila sekunde. Shata ikikaa wazi kwa 1/125 ya sekunde, mtoto huyo atakuwa amesogea karibu sentimita 6 kabla haijafunga, na sentimita 6 zinatosha kabisa kuufuta uso. Kwa 1/1000 husogea milimita 7 tu. Hapo ni kiwiliwili peke yake. Mguu unaorushwa mbele huenda kasi zaidi. Ndiyo maana wapigapicha wengi wa michezo huanzia 1/1000 kwenye soka na riadha. Kwa watoto wa madarasa ya chini, 1/500 mara nyingi inatosha.

Je, kasi hiyo inahitaji lenzi ya mamilioni? Mchana, hapana. Enzi za filamu wapigapicha walikuwa na kanuni ambayo hadi leo inafanya kazi: kwenye jua kali, tundu la lenzi likiwa f/16, kasi ya shata iwe sekunde moja ikigawanywa kwa namba ya ISO, yaani kipimo cha unyeti wa kamera kwa mwanga. Mtu akipiga hesabu kutoka hapo, lenzi ya kawaida inayofunguka hadi f/5.6 itapata takriban 1/800 kwa ISO 100, na 1/1600 kwa ISO 200. Jua la saa sita linatoa mwanga wa kutosha na ziada. Kasoro yake ni kivuli kizito usoni, hasa kwa mtoto aliyevaa kofia, kwa hiyo ni vema mwanga upimwe usoni mwa mchezaji na si kwenye anga jeupe nyuma yake.

Shida huanza alasiri, wakati ambapo fainali nyingi huchezwa. Hapa hata mkoa una maana. Mtwara iko mashariki zaidi kuliko Tabora, ilhali saa zao ni zilezile; mwezi Juni jua la Mtwara huzama muda mfupi tu baada ya saa kumi na mbili jioni, zaidi ya nusu saa kabla ya lile la Tabora. Mpigapicha aliyezoea Tabora akifika Mtwara atashangaa giza linamkuta mpira bado unachezwa.

Mwanga ukipungua, wengi huacha shata ishuke kwa kuogopa chenga zinazoletwa na ISO kubwa. Ni heri chenga. ISO 1600 au 3200 huacha punje ambazo programu za kusafisha picha zinaweza kuzipunguza, lakini uso uliofutwa na mwendo haurudi.

Mahali pa kusimama huokoa picha nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mkimbiaji anayekatiza mbele ya kamera hufifia sana. Yule anayeijia kamera husogea kidogo tu ndani ya picha, na uso wake huonekana. Kwa hiyo sehemu nzuri ni nyuma ya mstari wa kumalizia, au karibu na kona ya uwanja wa soka, mbali na njia ya wachezaji. Kwenye netiboli, wavu na kuruka juu kuna zawadi nyingine: kileleni mwa mruko mwili karibu unasimama. Katika sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kilele, mrukaji huwa ameshuka sentimita 5 tu. Anayeujua mchezo huisubiri nukta hiyo, naye hupata picha safi hata kwa 1/250.

Kamera iwekwe kwenye fokasi inayomfuata mchezaji, AF-C kwa Nikon na Sony, AI Servo kwa Canon, na ipige mfululizo wa picha chache kila tukio linapokaribia.

Wenye simu waanze kwa kufuta lenzi, kwani mafuta ya vidole huharibu picha kabla mchezo haujaanza. Wasogee karibu badala ya kuvuta picha kwa vidole, maana kuvuta huko mara nyingi ni kukata na kukuza tu. Baadhi ya simu za Android zina sehemu ya Pro ambapo kasi ya shata huchaguliwa kwa mkono. Simu isiyo nayo itumike kwenye mwanga mwingi, kwa sababu kivulini huongeza yenyewe muda wa shata.

Flashi izimwe, kwani golikipa anayeuangalia mpira hapaswi kupigwa mwanga machoni. Pia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Ridhaa ya mzazi au mlezi ipatikane kupitia shule kabla ya picha kuwekwa mtandaoni, na jina kamili la mtoto lisiandikwe pamoja na shule na mahali anapoishi.

Picha za kuwapa wazazi zitumwe WhatsApp kama faili badala ya picha ya kawaida, kwa sababu njia ya kawaida huzibana na sehemu ya usafi uliotafutwa uwanjani hupotea njiani.